Somo: Rola ya sindano kwenye ngozi yetu nyeusi, hatua kwa hatua (soma yote ndio uulize)

Kila wiki ni maswali yale yale, dada nimenunua ile rola ya sindano soko la Kikuubo naitumiaje, dada ile mashine ya salooni inatoa makovu kweli, dada nimefanyiwa uso umebaki mweusi nifanyeje. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja na atakayeuliza tena namtumia hapa. Kazi yangu ni ngozi, niko Kampala, natumia mashine na pia napokea nyuso zilizoharibiwa kwingine, na hizo za pili ndizo nyingi.

Kwanza jua inavyofanya kazi. Sindano ndogo ndogo zinatoboa ngozi, mwili unaona kuna jeraha unaanza kujenga kolajeni mpya pale, ile protini inayoishikilia ngozi. Ndio maana inasaidia mashimo ya chunusi, yale yaliyobonyea. Daktari wa upasuaji wa Afrika Kusini, Desmond Fernandes, ndiye aliyeisukuma mbele hii rola miaka ya 1990, na Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa vya tiba, walipitisha peni ya kwanza ya sindano kwa makovu ya chunusi mwaka 2018. Sisi weusi sindano inatufaa kuliko leza nyingi, sababu leza inafuata rangi ya ngozi na joto lake linaweza kutuunguza, sindano haina habari na rangi. Lakini ngozi yetu ukiisumbua inajibu kwa weusi. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini ni cha kuzuia huo weusi.

Nyumbani ni 0.25 mm basi. Na niwe mkweli, 0.25 haifiki kwenye shimo la kovu, inasaidia seramu kuingia na uso kulainika kidogo. Mashimo yanataka 1 mm mpaka 1.5, na hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea, mwenye glavu na kichwa cha sindano anachokifungua mbele ya macho yako. Madoa meusi ambayo hayajabonyea, yaani ukipapasa ngozi ni sawa tu, hayo usianze na sindano, anza na krimu ya kukinga jua na subira.

Usifanye kabisa kama una keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, au kwenu zipo (angalia kifua, masikio, mabega), kama una chunusi zenye usaha sasa hivi, eksima au soriasisi usoni, vidonda vya homa mdomoni, vile vipele vidogo bapa vya virusi au fangasi. Hivyo vya virusi rola itavisambaza uso mzima. Unatumia dawa za kufanya damu isigande, ongea na daktari wako kwanza. Mwenye mimba asubiri ajifungue.

Hatua ya 1. Acha krimu za kujichubua, na hapa nitakaa kidogo. Watu wanakuja wanasema situmii chochote, halafu ukiwaangalia vifundo vya vidole ni vyeusi na uso ni mwekundu unaonyesha mishipa. Mkorogo mwingi wa mitaani una haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli, na UNBS, shirika la viwango la Uganda, wameshatuonya mara nyingi. Steroidi inaifanya ngozi iwe nyembamba na isipone vizuri, sasa wewe unaleta sindano juu yake. Na ukiiacha ghafla uso unaweza kuwaka na kutoa vipele, hiyo ni ngozi inadai dawa, usirudi na wala usiizibe kwa rola. Nenda kwa daktari wa ngozi, hospitali ya Mulago wapo, ya Mbarara wapo, akusaidie kuacha pole pole. Sindano isubiri mpaka ngozi imerudi, hata kama ni miezi.

Hatua ya 2. Siku 5 kabla, acha retinoli (zile krimu za vitamini A) na asidi zote za kuchubua ngozi.

Hatua ya 3. Lowesha rola kwenye spiriti ya famasi ya 70% kwa dakika 10, iache ikauke yenyewe. Usichemshe, plastiki inalegea na sindano zinahama.

Hatua ya 4. Osha mikono, osha uso kwa sabuni laini, kausha kwa kitu safi. Taulo la familia si kitu safi.

Hatua ya 5. Ganzi. Kwa 0.25 huhitaji. Klinikini wanapaka lidokaini nusu saa mpaka saa moja halafu WANAIFUTA YOTE kabla ya kuanza. Asiyefuta, shuka kitandani.

Hatua ya 6. Kuviringisha. Hapa ndipo nyuso nyingi ninazopokea ziliharibika. Mtu anakandamiza akidhani damu ndio dalili ya kazi, halafu rola ikiwa imeshika ngozi anaigeuza, anazunguka nayo kwenye shavu. Ukigeuza rola iko chini sindano hazitoboi tena, zinachana, na ule mchano unapona ukiwa mstari mweusi, wakati mwingine mistari miwili miwili sambamba kama reli, nimeiona kwenye mashavu ya mabinti mpaka inaniuma. Kwa hiyo: gawa uso, paji, shavu, shavu, kidevu. Vuta ngozi kwa mkono mwingine ikaze. Peleka juu chini mara 4 au 5, INUA, rudisha, kila mpito unainua. Halafu pembeni kwa pembeni, unainua. Halafu kwa mshazari. Uzito ni wa rola yenyewe na kidole kimoja. Uso uwe mwekundu au wa moto kidogo, kwa 0.25 damu haitakiwi itoke kabisa, ikitoka umekandamiza au sindano zimepinda, acha hapo hapo. Kope hapana, midomo hapana, puani hapana. Kwenye mfupa wa shavu punguza mkono zaidi maana chini hakuna nyama. Na usirudie sehemu moja eti kovu hili ni baya zaidi acha nilikomeshe.

Hatua ya 7. Suuza kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, au maji ya drip, ile normal saline ya famasi. Paka seramu ya asidi ya hailuroniki isiyo na manukato, basi. Vitamini C hapana, ndimu hapana, manjano hapana, asali hapana. Ngozi imefunguliwa, kitu cha kupakwa juu sasa kinaingia ndani. Mwaka 2014 madaktari wa ngozi Marekani waliandika juu ya wanawake waliotoka uvimbe mgumu usoni baada ya kupakwa seramu ya vitamini C wakati wa sindano, uvimbe ambao haukukubali kuondoka kirahisi.

Hatua ya 8. Jua. Kampala tuko karibu na ikweta na juu karibu mita 1,200, jua letu halihurumii hata siku ya mawingu. Fanya usiku. Kuanzia asubuhi paka krimu ya kukinga jua SPF 30 kwenda juu, yenye zinki ndio bora siku za kwanza, na kofia. Kama huwezi kukinga jua wiki hiyo, una safari ya boda mchana kutwa au una shamba, usifanye wiki hiyo. Vipodozi subiri saa 24, retinoli na asidi siku 5.

Hatua ya 9. Rudia baada ya wiki 2 kwa 0.25. Zile ndefu za klinikini ni wiki 4 mpaka 6, mara 3 mpaka 6, na kolajeni inaendelea kujijenga miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo usihukumu wiki ya pili.

MASWALI

binti_bombo: Asante dada. Mimi na mdogo wangu tunatumia rola moja, lakini tunaosha kwa sabuni, si ni sawa?

Jibu: Si sawa. Hata mama na mtoto, hata mapacha. Ni sindano hiyo, inabeba damu usiyoiona. Homa ya ini ya B inapita hivyo na ukimwi pia. Marekani, jimbo la New Mexico, CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, walitoa ripoti mwaka 2024 ya wanawake walioambukizwa ukimwi kwa sindano za uso kwenye spa isiyo na leseni, zile wanazotumia pamoja na damu ya mteja mwenyewe iliyotolewa. Tupeni hiyo rola leo, kila mtu awe na yake, na mkapime wote wawili. Chanjo ya homa ya ini B ulizieni kituo cha afya cha serikali.

mteja_ntinda: Je kama nilifanyiwa salooni na sikuona wakifungua sindano mpya? Ilikuwa juzi.

Jibu: Nnyabo usisubiri kesho. Nenda kituo cha afya leo, waambie ukweli wote, kuna dawa za kuzuia maambukizi ya ukimwi ambazo lazima zianze ndani ya saa 72. Uliza na homa ya ini. Ukitoka huko nitumie ujumbe.

boss_kabalagala: Makala ndefu sana, sema tu rola gani nzuri ya 2 mm nataka mashimo yaishe kabla ya harusi wiki ijayo

Jibu: Hakuna. Soma.

boss_kabalagala: Basi hata 1 mm?

Jibu: Kaka, wiki moja kabla ya harusi usiguse uso kwa sindano ya urefu wowote. Utaenda kanisani na uso mwekundu unaochubuka, na picha zinabaki. Osha uso, lala vizuri, kunywa maji.

mama_lira: Dada huku kwetu tunapaka moo yao, mafuta ya shea, kwa kila kitu, mtoto akizaliwa, ngozi ikikauka. Naweza kupaka baada ya rola?

Jibu: Swali zuri mama, na moo yao naipenda sana, ile ya kaskazini ni laini na inayeyuka haraka mkononi. Lakini siku ya rola hapana, kwa sababu ile ya sokoni imekamuliwa kwa mkono, imekaa kwenye chupa iliyotumika, kwa ngozi nzima haina shida ila kwa ngozi iliyotobolewa ni hatari. Siku ya tatu au ya nne, uso ukiwa umetulia, paka kidogo usiku. Mwenye chunusi apake mwilini tu, uso auache.

mwalimu_masaka: Nina vipele shingoni nyuma vya kunyolewa, vimekuwa vigumu. Rola itavilainisha?

Jibu: Hapana ssebo, usiguse. Vipele vigumu vya kisogo vinaweza kugeuka vinundu vya kudumu na kila jeraha linavichochea. Mwambie kinyozi asikwangue mpaka chini, aache nywele fupi kidogo, na muone daktari wa ngozi mapema vikiwa bado vidogo.

kijana_wa_arua: Nimesikia inaotesha nywele za kichwa, kweli au biashara?

Jibu: Kuna ukweli. Wahindi walifanya utafiti mwaka 2013 na wanaume 100 wenye upara wa kurithi, nusu walipaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya 5% peke yake, nusu wakaongeza rola ya 1.5 mm kila wiki, kwa wiki 12, na waliotumia rola walipata nywele nyingi zaidi. Angalia hapo, minoksidili haikupakwa siku ile ya sindano, walisubiri saa 24. Na ni upara wa kurithi, sio nywele zilizong'oka pembeni kwa kusuka kwa nguvu, hiyo kwanza fungua misuko.

kijana_wa_arua: Asante sana. Na rola ikizeeka naitupaje, tuna watoto hapa nyumbani.

Jibu: Umefikiria vizuri. Tia kwenye chupa ngumu ya plastiki, ile ya jik ikiisha inafaa, funga kifuniko, zungushia utepe wa gundi, andika sindano, upeleke kituo cha afya waunguze na zao. Usitupe kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, wanaookota takataka watajichoma. Na usingoje izeeke sana, ukiona ncha moja imepinda kwenye mwanga, au inakwama kwenye pamba ukiipitisha, hiyo imeisha.