Hesabu viti vya wageni kwanza: kuchagua shule za udaktari wa meno nje ya jimbo lako

Niko Lamu kwa likizo, kwa bibi yangu mtaa wa Langoni. Tangu wiki iliyopita, kila baada ya sala ya Alasiri, mtoto wa ami yangu huja na daftari lake tukaketi barazani. Amekulia Columbus, Ohio, anamaliza shahada ya kwanza ya biolojia, na mwaka ujao ataomba shule za udaktari wa meno huko Marekani. Mimi niliondoka hapa nikiwa na miaka 14, tukahamia Wichita, Kansas, na sasa niko mwaka wa tatu wa shule ya meno huko huko Marekani. Orodha aliyokuja nayo ilikuwa na shule 16. Siku ya kwanza nilichukua kalamu nikakata saba.

Alinuna. Lakini mimi wakati wangu sikuwa na wa kunikatia.

Mwaka wangu wa kwanza wa kuomba nilituma maombi shule 11. Mshauri wa masomo chuoni aliniambia nichague shule nzuri, basi nikachagua kwa jina na kwa unafuu wa karo. Nane kati ya hizo zilikuwa shule za umma za majimbo mengine. Maksi nilikuwa nazo, na mtihani wa DAT, ule wa kuingilia shule za meno, niliupita vizuri. Nikaitwa usaili mmoja tu, na huo nao haukuzaa kitu. Ada za maombi yote zilitoka kwenye zamu za usiku za mama yangu, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Mwaka wa pili sikuongeza hata maksi moja. Nilichobadilisha ni orodha, na shule tano zikaniita.

Kosa langu lilikuwa hili: nilihesabu viti vyote vya darasa, kumbe vingi vilikuwa na wenyewe. Shule ya umma hujengwa kwa kodi za watu wa jimbo, na wanaotunga bajeti wanataka madaktari watakaobaki kuwatibu watu wao. East Carolina University, kule North Carolina, huchukua wakaazi wa jimbo lake tu. Texas ina mfumo wake wa maombi, TMDSAS, na shule zake za umma zimewekewa kikomo cha asilimia 10 kwa wanaotoka nje. Ukiwa huna mizizi Texas na ukaijaza kwenye orodha kwa sababu karo ni nafuu, umetupa pesa. Upande wa pili, si kila shule ya umma hufunga mlango. Michigan na Louisville, kwa mfano, huchukua watu wengi wa nje kila mwaka.

Kwa hiyo fungua daftari upige mistari minne. ADEA, chama cha shule za meno, hutoa mwongozo unaoonyesha hesabu za kila shule, na shule nyingi huziweka pia kwenye tovuti zao. Mstari wa kwanza andika walioomba kutoka nje ya jimbo. Wa pili, walioitwa usaili kati yao. Wa tatu, walioingia darasani. Wa nne uache wazi, nitaurudia kwenye karo.

Nilimfanyia binamu yangu hesabu moja ya mfano. Tuseme shule ya kwanza ina viti 80, watu 700 wa nje waliomba, wakaingia 10. Hapo ni mmoja kati ya 70. Shule ya pili ina viti 140, watu 3,000 wa nje waliomba, wakaingia 100. Hapo ni mmoja kati ya 30. Yeye aliiogopa ile ya pili kwa sababu ya wale 3,000. Nikamwambia aitazame tena, maana mlango wake ni mpana zaidi ya mara mbili. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akainua kichwa: "Kwani hao wengine waomba nini pale pasipowataka?" Swali hilo ndilo uliulize kila shule moja moja.

Uutazame sana mstari wa pili. Shule inayoita wageni 15 tu usaili imeshakwambia nia yake. Inayoita 300 inawatafuta.

Shule za binafsi ndizo zitakazokuwa uti wa mgongo wa orodha yako: Tufts na Boston University, New York University yenye darasa kubwa kuliko zote, Pennsylvania, Case Western Reserve, Creighton, Midwestern, A.T. Still, Nova Southeastern, na Pacific ya San Francisco ambayo husomesha miaka mitatu badala ya minne. Howard na Meharry, vyuo vya kihistoria vya watu weusi, navyo hupokea kutoka kila jimbo. Ila neno "binafsi" lisikudanganye. Marquette ya Milwaukee ni ya binafsi, lakini jimbo la Wisconsin hulipia sehemu ya karo ya watu wake, kwa hiyo sehemu kubwa ya viti huwekewa wao. Hesabu viti hapo pia.

Kabla ya kutoka nje, maliza nyumbani. Binamu yangu ana Ohio State, na hiyo ndiyo ya kwanza kwenye orodha, haina mjadala. Sisi wa Kansas hatuna shule ya meno hata moja, sawa na watu wa Idaho, Montana, Wyoming, Vermont au North Dakota. Ukiwa wa jimbo kama hilo, uliza kuhusu makubaliano kabla ya jambo lolote. Mtu wa Kansas anaweza kugombea nafasi chache za kulipa karo ya mkaazi pale University of Missouri–Kansas City, ng'ambo tu ya mpaka. Idaho ina mpango na Creighton, na majimbo ya magharibi yana shirika lao, WICHE, ambalo baadhi ya majimbo hulitumia kuwalipia watu wao sehemu ya gharama. Mimi haya niliyajua mwaka wa pili wa kuomba. Hakuna aliyenificha, ila sikujua kuuliza.

Sasa ule mstari wa nne. Andika gharama ya miaka yote kwa mtu wa nje, wala usiishie kwenye karo ya mwaka wa kwanza. Jumlisha vifaa, bima, kodi ya nyumba na chakula. Shule nyingi za binafsi hupita dola 100,000 kwa mwaka ukijumlisha vyote. Halafu mambo ya mikopo yamebadilika: kuanzia Julai 1, 2026 mkopaji mpya hapati tena Grad PLUS, ule mkopo wa serikali uliokuwa ukiziba pengo lote. Fani kama yetu imewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Kinachozidi utakitoa mfukoni, au kwenye mikopo ya benki inayotaka mdhamini. Sisi tulioanza kabla ya hapo hatukuhitaji kuifikiria hesabu hii. Wewe iandike leo.

Waliotoka nyumba kama zetu wana swali jingine, la riba, na bibi aliniuliza siku ya kwanza tu nilipofika. Hilo mpelekee shekhe unayemwamini, ukiwa na karatasi yenye tarakimu kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna njia mbili za kusoma bila mkopo ambazo watu wetu wengi hawazijui: National Health Service Corps, inayolipia masomo nawe ukaja kufanya kazi mahali penye uhaba wa madaktari, na udhamini wa jeshi unaoitwa HPSP. Zote mbili zinataka uraia wa Marekani.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuna shule za umma ambazo baada ya mwaka mmoja wa kukaa pale, ukiwa na leseni ya udereva, mkataba wa nyumba na kodi uliyolipa, hukubadilisha ukawa mkaazi, na karo ikashuka. Nyingine hukuweka mgeni miaka yote minne hata ukinunua nyumba. Tofauti kati ya hizo mbili inaweza kuwa makumi ya maelfu ya dola, na mara nyingi haimo kwenye ukurasa wa karo. Waandikie watu wa usajili: "Mwanafunzi wa nje aliyeanza mwaka wa kwanza anaweza kuhesabiwa mkaazi kuanzia mwaka wa pili? Masharti ni yapi?" Jibu lao lihifadhi kwa maandishi.

Neno kwa aliye hapa hapa Lamu anayetaka kwenda kwa viza ya mwanafunzi: shule nyingi za umma hazitakupokea, na mikopo hiyo ya serikali haikuhusu. Pia kule utatakiwa kwanza usome chuo, kwa kawaida shahada nzima, ndipo uanze meno. Chuo Kikuu cha Nairobi husomesha BDS, shahada ya udaktari wa meno, moja kwa moja baada ya sekondari. Ukiniuliza mimi, ningeanzia hapo.

Idadi? Shule 12 hadi 15 zinatosha, na angalau tisa ziwe zile zinazoita wageni wengi usaili. Moja au mbili za ndoto zisikose, moyo nao una haki yake. Halafu wahi. AADSAS, mfumo wa pamoja wa kutumia maombi ya shule za meno, hufunguliwa Mei, na maombi huanza kutumwa mwanzoni mwa Juni. Shule nyingi husoma na kuita watu kadiri maombi yanavyofika, kama boti ya kuvukia Mokowe, kule bara: waliotangulia wamekaa, wa mwisho anachungulia kama pamebaki pembe. Mgeni anayegombea viti 10 hana nafasi ya kutuma Oktoba.

Binamu yangu sasa amebaki na shule 13. Tisa ni za mwanzo, nne tumeziongeza jana baada ya Magharibi, kwa tochi ya simu kwa sababu umeme ulikatika. Mbili hazikusema wazi kama mgeni anaweza kugeuka mkaazi. Kesho asubuhi, kabla hatujaenda Shela, tutaziandikia.