Kuhamisha mafaili kwa flopi kati ya kompyuta ya kizamani na ya sasa

Kama una mashine ya DOS (mfumo endeshi wa zamani wa kuandika amri) au Windows 95 na unataka kutoa au kuingiza mafaili, flopi ya inchi 3.5 na draivu ya flopi ya USB bado zinatosha, unachomeka tu kwenye kompyuta mpya na mara nyingi inatokea kama A: bila kuinstolu kitu.

Ila kwanza angalia kona za diski. Ikiwa na tundu upande mmoja tu hiyo ni ya KB 720, ikiwa na tundu pande zote mbili ni ya MB 1.44. Lile lenye kiplastiki cha kusogeza ndo la kuzuia kuandika, likiwa wazi diski inasomwa tu. Basi ukiwa unatoa vitu kwenye diski za zamani liache wazi, manake Windows ikikutana na diski isiyoielewa inakuuliza kama uifomati, kidole kikiteleza imekula kwako.

Draivu ya 720 haisomi diski iliyofomatiwa 1.44 hata uibembeleze vipi. Kuna watu wanaziba tundu la pili kwa selotepu ili diski ya 1.44 ijifanye 720, mi siishauri, sumaku ya diski hizo si sawa, kwahiyo data inaweza isisomeke baadaye. Tafuta diski ya 720 halisi, ifomati kwenye mashine ya zamani yenyewe alafu ndo uilete kwenye mpya.

Majina nayo: DOS inataka herufi zisizozidi 8, nukta, alafu zisizozidi 3, kwahiyo "ripoti ya mwisho.txt" utaikuta imekuwa RIPOTI~1.TXT, bora uibadili mwenyewe mapema. Faili likizidi diski moja likate kwa ARJ (programu ya DOS ya kubana na kugawa mafaili), mfano arj a -v1440 vitu kubwa.dat, na usichomoe diski mpaka taa ya draivu izime.

Diski za Amiga (kompyuta nyingine ya zamani) au za Mac za KB 800 hapo draivu ya USB haisaidii kabisa, unahitaji Greaseweazle (kifaa kidogo cha USB cha kusoma flopi za aina nyingi) na draivu ya flopi ya kawaida ya kebo. Na kama mafaili ni mengi achana na flopi, weka kadi ya CF (CompactFlash, kadi ya kumbukumbu) kwa adapta ya IDE (kiunganishi cha hadidiski za zamani) badala ya hadidiski, ila DOS 6.22 haijui FAT32 (mpangilio mpya zaidi wa kuhifadhi mafaili) so patisheni iwe FAT16 (ule wa zamani) na isizidi GB 2.