Somo: Kano ya maabara haikui bila kuvutwa

Kano huunganisha msuli na mfupa, na ikikatika hupona kwa shida. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima umri wa tishu kwa kutumia kaboni iliyotapakaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakuta kwamba kiini cha kano ya kisigino karibu hakijengwi upya mtu akishamaliza kukua. Ndiyo maana maabara nyingi zinahangaika kuotesha kano mbadala. Seli zinapatikana, kinachosumbua ni namna ya kuzivuta.

Hatua ya 1. Chukua seli za kano, au seli shina za uboho (seli changa zinazoweza kugeuka aina nyingine), uzichanganye na jeli ya kolajeni ya aina ya kwanza, yaani protini ya nyuzinyuzi. Kano ukiiondolea maji, sehemu kubwa inayobaki ni kolajeni hiyo.

Hatua ya 2. Mimina kwenye kijifereji chenye kishikizo kila ncha, uweke kwenye kabati la joto la nyuzi 37. Usiguse kitu. Seli zenyewe hushika nyuzi za kolajeni na kuzikokota. Jeli inasinyaa, lakini kwa kuwa imeshikwa ncha zote mbili haiwezi kufupika, basi inakonda. Baada ya siku chache unaona uzi mweupe umetanda kati ya vishikizo, na kwenye hadubini seli zilizokuwa zimetawanyika ovyo sasa zimelala upande mmoja. Jeli isiyoshikwa popote hujikunyata ikawa kidonge.

Hatua ya 3. Anza kuvuta kwa mashine: nyoosha, legeza, nyoosha. Kano halisi ikinyooshwa asilimia 2 hivi ya urefu wake, mawimbi ya nyuzi zake hunyooka tu. Ikipita 4 hivi, nyuzi ndogo huanza kuchanika. Kwenye 8 hadi 10 inaweza kukatika kabisa. Kwa hiyo anza chini, panda polepole, mara moja kwa sekunde au pungufu. Tamaa ya kuharakisha hapa huharibu kila kitu: katika majaribio ya seli shina za kano, zilizovutwa asilimia 4 zilishika njia ya kano, ila kwenye asilimia 8 baadhi ziligeukia mafuta, gegedu na mfupa.

Hatua ya 4. Pumzisha. Kwa binadamu, utengenezaji wa kolajeni huendelea kuwa juu siku nzima na zaidi baada ya mazoezi.

Hatua ya 5. Vuta mpaka ikatike, upime. Kano ya mtu mzima huhimili takriban nyutoni 50 hadi 100 kwa kila milimita ya mraba. Nyingi za maabara bado ziko mbali sana na hapo.

Maswali ya wanachama

*Kwa nini wasitumie nyuzi za plastiki tu?*
Zilijaribiwa kwenye magoti miaka ya 1980. Zilisagika, na vumbi lake likaleta uvimbe ndani ya kiungo. Kitu kisicho na seli hai hakijirekebishi kikichakaa.

*Hospitalini zipo?*
Kwa kawaida daktari bado huchukua kano ya mgonjwa mwenyewe, mara nyingi nyuma ya paja, au ya mtu aliyefariki na kuchangia.

*Nimeshonwa kano ya kisigino. Nianze kuivuta?*
Usianze peke yako, ndugu. Mzigo unahitajika, kwani kano isiyobeba chochote hulegea na seli zake huanza kuimeng'enya kolajeni. Lakini kiasi na wakati apange daktari wako pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia, maana mshono mbichi ukivutwa mapema mno huachia.