Ukipanda Longonot au kushuka Menengai: ubebe visu vingapi?

Mimi ni fundi wa viatu hapa Nakuru, na kisu kimekuwa mkononi mwangu karibu kila siku kwa miaka 19. Nakata ngozi, nachonga soli, nafumua uzi uliochakaa. Jumapili mbili kila mwezi nafunga kibanda na kutoka na kikundi chetu cha matembezi kwenye milima ya volkano ya Menengai, Longonot na Eburru, na mara moja moja tunafika hadi msitu wa Kakamega au Mlima Elgon. Wageni wanaojiunga nasi wakisikia kazi yangu huniuliza, "Fundi, nibebe kisu gani?" Mimi nami huwauliza: utakata nini?

Mara ya kwanza niliposhuka ndani ya shimo la Menengai nilibeba kila nilichoweza kukishika. Nilikuwa na panga, shoka dogo la kuni, kisu kikubwa chenye ala ya ngozi niliyoishona mwenyewe, kisu cha jikoni, kile kifaa cha kukunja chenye plaisi, na tupa ya kunolea. Maji nilibeba lita moja na nusu. Ukishuka kule unakanyaga mawe meusi ya volkano, yenye makali, yasiyo na kivuli, na jua likipanda joto linarudi kutoka chini. Saa sita kasoro maji yalikwisha. Tulikuwa bado hatujaanza kupanda kurudi ukingoni. Mwenzangu alinigawia yake, naye alikuwa na machache, na mpaka leo nikikumbuka ile chupa yake nasikia uchungu.

Kesho yake nilipeleka zana zote kwa jirani yangu anayeuza nafaka, tukazipima kwenye mizani moja baada ya nyingine. Panga gramu 520. Shoka 910. Kisu cha ala 190. Kifaa cha plaisi 240. Kisu cha jikoni 110. Tupa 180. Jumla kilo 2 na gramu 150. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo nilikuwa nimebeba chuma mahali pa lita mbili za maji. Na siku nzima nilikuwa nimetumia kisu cha jikoni peke yake, kukata parachichi.

Kwa hiyo anza hivyo. Usiku wa kabla ya safari tandaza zana zako kitandani, shika moja moja, uitaje kazi yake kwa sauti. Kazi iwe ya safari hii, njia hii, siku hii. "Huenda nikahitaji" si kazi. Ukisema "nitakata mkate na nyanya saa nne, nitakata plasta mtu akitoka lengelenge, nitakata kamba," hizo ni kazi tatu, na kisu kimoja kinazimaliza. Panga likikosa kazi ya kutajwa, lirudi nyuma ya mlango.

Njia yenyewe ndiyo inayoamua. Longonot, kutoka getini hadi ukingo wa shimo ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2. Njia imekanyagwa na maelfu ya watu, vumbi linafika kwenye kifundo cha mguu, na huko juu hakuna maji ya kuchota. Huna cha kufyeka. Hifadhi ya taifa si mahali pa kukata kuni, na unatakiwa uwe umeshuka kabla ya jioni, kwa hiyo huko juu hupiki wala hulali. Kakamega nako mtu husikia "msitu wa mvua" akawaza kufyeka njia, lakini vijia vipo na waongozaji wanavijua mti kwa mti. Tena kuna sheria ya misitu ya mwaka 2016: kukata miti katika msitu wa serikali bila kibali ni kosa. Askari wa msitu akikukuta na panga na shoka begani hatakuona kama mtembezi, na hana sababu ya kukuamini kuliko anavyoyaamini macho yake.

Najua wengi hawabebi panga kwa ajili ya kufyeka. Wanabeba kwa sababu ya woga, na woga si jambo la kudharau. Lakini fikiria sawasawa. Nyati wa Elgon hazuiwi na panga. Anaepukwa kwa kutembea na askari wa hifadhi, kutokwenda kimyakimya vichakani, na kukaa mbali na maji alfajiri na jioni. Kuhusu watu wabaya, ulinzi wetu ni wingi: hatushuki Menengai tukiwa chini ya sita, tunakwenda na mwenyeji anayejulikana pale, na tunarudi mapema. Kisu kilichotolewa kwa hasira humkata mara nyingi aliyekitoa. Nimeshona ngozi miaka mingi, nalijua kovu la kisu kilichoteleza.

Sasa kisu chenyewe. Nachukua cha kukunja, chenye ubapa wa sentimita 8 hivi, usiozidi 10. Kiwe na kufuli, yaani kikikunjuka kisijikunje tena mpaka ukiachilie. Hili silegezi. Kisu kisicho na kufuli, ukikitumia ncha yake kuchokoa kitu kigumu, kinafunga juu ya vidole. Changu ni Opinel namba 8, cha Ufaransa, mpini wa mti na pete ya chuma unayoizungusha ili ubapa usijikunje. Kina gramu 45 tu. Kama huna, kisu kidogo cha jikoni chenye ala ya kadibodi iliyoviringishwa tepu kinatosha kabisa, na hakijikunji juu ya vidole vya mtu. Chuma kiwe kipi? Kile cha kaboni kinanoleka haraka, lakini ukikata nanasi au ndimu na kukiacha bila kukipangusa kinageuka rangi na kushika kutu. Kwa wenzetu wa Kisumu, ambako hewa ya ziwa ina unyevu, ningesema chukueni kisichoshika kutu, mvumilie kukinoa kwa muda mrefu kidogo.

Vipi vile vifaa vyenye zana kumi na mbili? Vinapendeza, nami ninacho. Lakini kila zana mle ndani ilitoka kwenye shida ya mtu fulani. Jeshi la Uswisi lilipoanza kuwapa askari kisu cha kukunja mwaka 1891, bisibisi ilikuwa ya kufungulia bunduki na kifungua kopo cha kufungulia chakula cha jeshini. Tim Leatherman, Mmarekani, alipata wazo la kuweka plaisi ndani ya kisu mwaka 1975 akizunguka Ulaya na gari kuukuu lililokuwa likimsumbua, na chake cha kwanza kikauzwa mwaka 1983. Plaisi ile ni mtoto wa barabarani. Kama unasafiri na pikipiki mpaka chini ya mlima, iache kwenye pikipiki, ni mahali pake. Juu ya mlima huna bunduki wala kabureta.

Lakini kile kisu cha askari kilikuwa na kitu kingine ambacho watu hawakitazami: chuma kifupi chenye ncha, cha kutoboa. Sisi mafundi tuna ndugu yake, msharasi. Nikiambiwa nichague zana ya pili baada ya kisu, sitachukua kisu kingine. Nitachukua msharasi, na sababu yake niliiona Longonot.

Tulikuwa tumekwisha kuzunguka nusu ya ukingo. Kijana mmoja mgeni alikuwa na buti nzuri za mitumba, ngozi nzima kabisa, hazikuonyesha kuvaliwa. Nikasikia mlio nyuma yangu, pa, pa, kama ndala. Soli ya kulia ilikuwa imeachia kuanzia kidoleni hadi katikati.

"Fundi, kiatu kimefungua mdomo."

"Keti hapa, kijana wangu. Usiivute."

Nilipoifunua, ile tabaka laini kati ya soli na ngozi ilikuwa inamomonyoka kama keki kavu. Nawaeleza wateja kila wiki: tabaka hiyo mara nyingi ni ya poliyurethani, na hewa yenye unyevu huivunja polepole hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Kiatu kilichokaa miaka bila kuvaliwa kinaweza kuwa kibovu kuliko kinachovaliwa kila siku. Gundi haishiki pale, maana inashika unga.

Kisu kilifanya kazi ndogo tu: nilikwangua kilichooza nikakata uzi. Kazi iliyobaki ilikuwa ya msharasi. Nilitoboa kupitia ukingo wa soli mpaka kwenye ngozi, matundu manne kila upande, umbali wa kidole kimoja, nikielekeza ncha nje, mbali na kiganja kilichoshika kiatu. Nikapitisha uzi wa nailoni uliopakwa nta, nikarudisha katika tundu hilohilo kutoka upande wa pili, nikakaza mpaka uzi ukazama. Kisha tepu nene mizunguko mitatu katikati ya kiatu, pale unyayo unapopinda kuelekea juu na haugusi sana ardhi, maana tepu ikipita chini ya vidole inaliwa na mawe mara moja. Ilichukua dakika ishirini na tano. Alimaliza ukingo, akashuka hadi getini, akapanda matatu kwa miguu yake. Bila hivyo angetembea kilomita saba na soksi juu ya kokoto na miiba.

Msharasi unaonunuliwa kwa wauza ngozi unatosha. Chomeka ncha ndani ya kizibo au kipande cha ndala kuukuu. Kwenye mpini zungusha uzi mita tatu, na kwenye kiberiti zungusha tepu mita mbili, usibebe roli zima. Ongeza sindano nene na kibano cha nyusi kwa miiba ya migunga. Vyote hivi pamoja na kisu, kwenye mizani ya jirani yangu, havikufika gramu 150.

Mkiwa kikundi, hesabu inabadilika tena. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwenye zana hugeuka hivi: kila mtu anadhani mwingine amebeba, au wote wanabeba kitu kilekile. Tuliwahi kuwa tisa na visu kumi na kimoja, na msharasi hakuna. Siku hizi tunapanga Alhamisi. Kwa watu wanane, matembezi ya siku moja: visu viwili kwa watu wawili tofauti, mmoja anatangulia na mwingine anafunga msafara, msharasi mmoja, tepu mbili, makasi madogo ndani ya sanduku la huduma ya kwanza. Tukilala Elgon tunaongeza kisu kimoja cha jikoni cha mpishi, na kiberiti kwa watu watatu. Tochi na filimbi haziko kwenye hesabu hii. Hizo kila mtu anabeba zake hata kama hazijatumika mwaka mzima.

Kwa anayetoka mbali: kwenye ndege kutoka Kisumu, kisu kiende na mzigo wa chini, si begi la mkononi. Kwenye reli mpya wanakagua mizigo na hawataki vyenye makali. Kwenye matatu, kiwe ndani ya begi, kimekunjwa, si kiunoni. Abiria mwenzako hajui wewe ni mtu wa milima.

Na kinolewe nyumbani, kisha tupa ibaki nyumbani. Loweka jiwe la kunolea, laza ubapa, inua mgongo wake kiasi cha unene wa penseli, sukuma kama unataka kulichanja jiwe ngozi ya juu. Mara kumi huku, mara kumi kule, kisha punguza nguvu. Jaribu kwenye gazeti, usijaribu kwenye kidole. Kikichana gazeti badala ya kulikata, rudia. Huna jiwe? Geuza kikombe cha udongo, lile duara la chini lisilong'aa linanoa vizuri.

Ukirudi, kabla hujaoga, tandaza tena zana kitandani na uzigawe: nilizotumia, nisizotumia, nilizotamani ningekuwa nazo. Andika kwenye daftari na tarehe. Baada ya safari tano utakuwa na jibu lako, na huenda lisifanane na langu.

Ukipita Gilgil, pale karibu na barabara ya Nairobi, ingia Kariandusi. Kuna mashoka ya mkono ya mawe ya watu wa kale, yaliyoanza kuchimbuliwa na mtafiti Louis Leakey mwishoni mwa miaka ya 1920, mengine ya kioo cheusi cha volkano kama kile cha Eburru. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko watoto wangu walivyopenda. Umbo moja, linajaa kiganja, makali pande zote, ncha mbele: linakata na linatoboa.

Jumapili hii tunarudi Longonot. Ijumaa jioni, si Jumamosi usiku, chukua viatu vyako, pinda soli kwa mikono miwili, halafu bonyeza kwa kidole gumba ile tabaka ya katikati. Ikiacha unga, viache nyumbani.