Jinsi ya kumfanya mzee wako akusimulie vita vya Kagera

Wengi tuna wazee walioenda kumpiga Idi Amin halafu tunachojua ni kimoja tu, "baba alipigana". Wa kwangu yuko Mufindi, miaka arobaini na kitu hajawahi kusema kama alishawahi kukamatwa, nimekuja kujua mwaka juzi tena kwa sababu ya gambuti. Nayoandika hapa nimejifunza kwa kukosea.

Mara ya kwanza niliweka simu mezani nikamwambia haya baba nisimulie vita. Akanipa Mwalimu Nyerere: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, tukaenda, tukampiga, tukarudi. Dakika 4 kwisha. Hiyo hotuba ya Novemba 1978 kila mzee anayo kichwani, akianzia hapo ujue anakupa ya redioni, ya kwake bado.

Kwa hiyo usianze na vita kabisa. Anza na viatu, chakula, mzigo ulikuwa na uzito gani, mlilala wapi mvua ikinyesha. Mimi nilimpelekea gambuti mpya za shambani, akazigeuza geuza, akasema hizi wakikuvua utakimbia peku kwenye mafunjo, si mchezo. Nikatulia tuli. Ndo hapo ikaanza kutoka Lukaya, Machi 1979, ile barabara ya Masaka kwenda Kampala inapokatiza kinamasi, Walibya na watu wa Amin walivyokuja jioni ile wetu wakatawanyika, yeye na wenzake wawili wakaishia kwenye mafunjo na wakashikwa humo humo. Wakavuliwa buti, wakafungwa mikono kwa kamba za buti zao wenyewe. Sisi toka wadogo tunamcheka baba kwa kulala na viatu chini ya mto, kumbe.

Wakati mzuri ni jioni mkipukuchua mahindi jikoni kwenye moto, kwa sababu mikono ina kazi na hamtazamani usoni, mzee wa kule akitazamwa sana anageuka mwenyekiti wa kikao. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ruksa lakini glasi moja, ikifika ya tatu vita inaanza kuwa na helikopta. Mambo ya simu ni machache: iweke kwenye hali ya ndege ili isipigiwe, rekodi yangu nzuri kuliko zote ilikatwa na jamaa aliyepiga kuulizia mbolea, na kama mvua inapiga bati acha tu, hutasikia kitu. Usiku huo huo mtumie ndugu yako nakala, mimi namtumia dada Mbeya mjini.

Akihamia kilugha usimkatishe. Baba alipofika kwenye kutoroka Kiswahili kilimwishia, akaenda na Kihehe mpaka mwisho, ningemwambia atafsiri angefunga mdomo. Utatafsiri mwenyewe baadaye na shangazi.

Tarehe nazo usimuulize, anazo za kubahatisha. Muulize ilikuwa kabla hamjaingia Masaka au baada, Kampala ilishaanguka au bado (hiyo ni 11 Aprili 1979, ya uhakika), mlivuka mto Kagera kwa daraja gani maana la Kyaka lilishalipuliwa. Hapo utapanga mwenyewe. Ila sikiliza hili vizuri. Baba anasema alikaa mikononi mwao siku tatu, na anasema alikimbia mizinga yetu ilipoanza kudondoka na walinzi wakalala chini. Sasa Lukaya ilianza tarehe 10 na wetu walirudi kuwapiga tarehe 11, siku tatu zinatoka wapi? Nikambishia mbele ya wajomba, na kalenda mkononi, mjinga mimi. Wiki mbili hakunisemesha zaidi ya kamwene, salamu tu ya Kihehe. Andika zote mbili, siku tatu zake na tarehe za vita, usimwombe achague. Mtu aliyefungwa mikono anahesabu usiku kivyake.

Na akisimama kwenda nje katikati ya stori muache aende. Zima rekoda. Asiporudi siku hiyo, basi.

Halafu kuna mama, watu wanamsahau. Mkalishe peke yake, baba asiwepo. Mama aliniambia huku nyumbani habari zilifika kwamba kapotea, majirani wakaanza kuja kumpa pole, akawa anawapikia maharage huku hajui analia msiba au la, hiyo baba hana kabisa. Akaniambia pia kwamba mzee alivyorudi, kwenye begi alikuta kamba moja ya buti imekauka, akataka kuitupa, na ndo mara pekee kwenye ndoa yao baba kumfokea.

Ipo hadi leo, kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Wale wenzake wawili baba hajawataja tena toka jioni ile ya gambuti, na kamba ni ya nani sijamuuliza. Nasubiri mahindi ya mwaka huu.