Papasa mbavu za mbwa kabla hujamjazia bakuli

Mahindi yakikubali Mbozi au Njombe, mbwa naye hunenepa. Ugali unabaki, ukoko unamwagwa bakulini, na shambani parachichi zilizodondoka zinamngoja. Tunda hilo lina mafuta mengi, na kokwa yake ikimezwa yaweza kuziba utumbo. Mkulima wa parachichi Rungwe aanzie hapo: aokote yaliyoanguka kabla ya kumfungulia mbwa.

Usimpime kwa macho, maana manyoya mazito huficha mengi. Weka viganja ubavuni, pande zote mbili, upapase bila kukandamiza. Kisha nyoosha kiganja chako kimoja, na kwa mkono wa pili upapase mgongo wa kiganja hicho. Mbavu za mbwa zikihisika kama mgongo huo wa kiganja, yuko sawa. Zikichomoza kama vifundo vya ngumi, amekonda. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amezidi. Mtazame pia kutoka juu akiwa amesimama. Nyuma ya mbavu kiuno kinatakiwa kuingia ndani.

Tumbo kubwa peke yake si unene. Minyoo, mimba au maji tumboni huleta sura hiyo hiyo, kwa hiyo mwenye tumbo lililojaa na mbavu zilizotokeza aonwe na daktari wa mifugo, asipunguziwe chakula.

Wapo wanaoona mbwa mnene ni heshima ya nyumba. Mimi humwonea huruma: viungo vinamuuma, pumzi inamkatika mapema, na ulinzi wenyewe unamshinda.

Kumpunguza kunaanzia kwa watu. Mtoto anampa, bibi anampa, mlinzi naye anampa, na kila mmoja anadhani ni yeye pekee. Chagueni mlishaji mmoja na kikombe kimoja cha kupimia. Punguzeni ugali kidogo kidogo, msimwagie mafuta ya kukaangia, na mahali pa vitafunwa mpeni karoti. Vitunguu kamwe, ni sumu kwake. Mtembezeni asubuhi na jioni, mwanzoni mwendo mfupi.

Kila wiki mbili panda naye kwenye mizani ya mnunuzi wa mazao ukiwa umembeba, kisha toa uzito wako. Mbwa wa kilo 25 apungue gramu 250 hadi 500 kwa wiki, si zaidi.

Paka ana hatari yake. Akiwa mnene, usimshindishe njaa hata kidogo, kwani mafuta hukimbilia kwenye ini na yanaweza kumuua. Akigoma kula siku nzima, mpigie daktari siku hiyo hiyo.