Kabla hujaukata waya wa GPS ya gari na kuufunga kwenye pikipiki

Anza kwa kusoma plagi, ile inayochomekwa kwenye soketi ya kuwashia sigara. Ubavuni imeandikwa umeme unaoingia na unaotoka: mara nyingi inaingia volti 12 hadi 24, inatoka volti 5, ampea 1 au zaidi kidogo. Ipige picha, maana ukishaivunja maandishi nayo yamekwenda.

Hiyo volti 5 ndiyo inayopuuzwa, na ndiyo inayoua GPS. Mtu anaiona plagi ni kubwa na kwenye pikipiki haina pa kuingia, basi anaikata na kuitupa. Anamenya waya, anakuta nyekundu na nyeusi, anazifunga moja kwa moja kwenye betri. Kioo kinawaka mara moja, pengine hakiwaki kabisa, kisha kimya. Nusa tundu la kuchomekea, utasikia harufu ya kuungua. Kumbe mle ndani ya plagi mlikuwa na saketi ndogo ya ukubwa wa kidole gumba, yenye koili na kapasita, na kazi yake ni kushusha volti 12 ziwe 5. Tena pikipiki injini ikinguruma haiishii kwenye 12, mfumo wa kuchaji huifikisha kama 14. Kifaa kimepewa karibu mara tatu ya kiwango chake. Fyuzi haiwezi kukiokoa hapo, kwa kuwa fyuzi hukatika ampea zikizidi, haijui volti. Itakapokatika, kilicho ndani kimeshaungua. Kibaya zaidi, mwenyewe husema GPS ilikuwa mbovu, akaleta nyingine na kuifunga vilevile.

Kwa hiyo usiukate waya baina ya plagi na GPS. Fungua plagi yenyewe. Kofia ya mbele huzungushwa kama kifuniko cha chupa, ndani mna springi na mara nyingi fyuzi ya kioo. Ganda lipasue taratibu kwenye mshono kwa bisibisi bapa, lakini kwanza bandua kibandiko, huenda skrubu imefichwa chini yake. Toa saketi nzima. Kabla ya kuyeyusha risasi iliyoshikilia viungo vya saketi weka alama: ncha ya mbele ni chanya, vipande vya ubavuni ni hasi. Hapo ndipo unaunganisha nyaya mbili mpya za nyuzi nyingi, unene wa milimita za mraba 0.75. Upande unaokwenda kwenye GPS usiuguse. Usidhani pia waya wowote wa USB utafaa badala yake: GPS nyingi, zikiwemo za Garmin zenye tundu la mini-USB, hutegemea pini ya ziada kwenye kichwa cha waya wa gari ili zijue zinachajiwa. Pini hiyo isipounganishwa, kifaa hudhani kimechomekwa kwenye kompyuta na ramani haionekani.

Fyuzi ya kioo umeiondoa, basi weka nyingine. GPS ya volti 5 na ampea 1 inakula wati 5, ambazo upande wa volti 12 ni kama nusu ampea, kwa hiyo fyuzi ya ampea 1 au 2 yatosha. Ikae karibu na betri, isizidi sentimita 15. Ukiiweka juu kwenye usukani, waya wote ulio kabla yake unabaki bila kinga siku utakaposuguliwa na fremu.

Umeme utautoa wapi? Moja kwa moja kwenye betri ni rahisi, ila saketi huendelea kula hata GPS ikizimwa. Ikila miliampea 20 tu, kwa siku ni karibu nusu ampea-saa, na betri ya ampea-saa 5 ikiegeshwa wiki moja inaweza kushindwa kuwasha injini. Tafuta waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Wa honi au wa kuingia kwenye swichi ya breki mara nyingi hufaa. Taa ya mbele iogope: kwenye pikipiki nyingi ndogo inalishwa na jenereta bila kupitia betri, umeme wake hugeuka-geuka na hupanda kadiri unavyovuta mafuta. Pima kwa mita ya volti injini ikiwa imezimwa. Ufunguo ukiwashwa isome kama 12, ukizimwa isome 0. Waya usiosoma kitu mpaka injini ingurume, achana nao.

Maji: ivalishe saketi mpira wa kusinyaa kwa joto, ncha uzizibe kwa silikoni. Silikoni inayonuka siki usiitumie, asidi yake hula shaba.

Mtikisiko hukata waya pale risasi inapoishia, kwa hiyo bana waya kwenye saketi yenyewe, sentimita 2 kutoka kwenye kiungo. Kisha zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Waya usivutike, usikaribie ekzosi, usijisokote na kebo ya mafuta wala ya breki.

GPS usiichomeke bado. Pima kwanza umeme unaotoka: uwe kati ya volti 4.75 na 5.25, injini ikiwa imezimwa, ikinguruma polepole, na ukivuta mafuta. Ndipo uchomeke, uache dakika kumi, ushike saketi. Uvuguvugu ni sawa, ikikuunguza itoe. Wakati wa kufunga, hasi ya betri ndiyo ya kwanza kufunguliwa na ya mwisho kurudishwa. Beba fyuzi ya akiba. Ukiosha pikipiki itoe GPS na kichwa cha waya ukielekeze chini. Na taa zikianza kuungua mara kwa mara, chomoa GPS mpaka regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti volti za pikipiki, ikaguliwe.